Pori Lenye Kumbukumbu: Ardhi, Watu na Miti katika Nchi ya Unyanyembe

Mgeni aingiaye Tabora kwa gari moshi kutoka Dodoma husafiri saa nyingi katikati ya miti. Machoni pake miyombo hiyo ni pori la tangu kuumbwa kwa ulimwengu, lisilowahi kuguswa na jembe. Lakini mwenyeji wa Isevya aliyezoea kutafuta uyoga au kurina asali hujua kwamba sivyo. Humo ndani hukutana na matuta ya kale yaliyofunikwa na nyasi, jiwe la kusagia lililozama udongoni, au mwembe mzee uliosimama peke yake mbali na nyumba yoyote. Sehemu kubwa ya pori hilo ni mahame. Watu waliishi humo, wakalima, wakaondoka, na miti ikarudi. Aina za miti iliyorudi zilitegemea namna watu hao walivyoitumia ardhi.

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, inafaa kuikumbuka pia historia hii, kwa maana babu na bibi waliolijenga kanisa walikuwa kwanza wakulima, wafugaji na warina asali wa nchi hiyo.

Jembe na shoka

Nchi ya Unyanyembe iko kwenye uwanda wa juu wa kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Katika hali hiyo hustawi mtundu, muba na myenzi, pamoja na mninga, mkora na mpingo.

Mnyamwezi wa zamani alifyeka shamba kwa shoka, akachoma matawi, akalima matuta na kufukia majani ndani yake. Ardhi ilipochoka, alihamia mahali pengine. Alikata mti lakini hakung'oa kisiki, na mizizi ilibaki hai chini ya matuta. Shamba lilipoachwa, visiki vilichipua na pori likarudi katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Miti yenye matunda au kivuli, kama mbula, mtonga na mkwaju, mara nyingi iliachwa isimame shambani. Ndiyo maana katika mahame miti ya matunda huweza kuonekana kwa wingi kuliko porini kwenyewe.

Urithi huo una upungufu wake. Mbegu za mtundu na jamaa zake hurushwa na ganda linalopasuka, wala haziendi mbali na mti mama. Tena mizizi yake huishi kwa ushirika na uyoga wa udongoni. Tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa za miyombo zimeonyesha kwamba wingi wa miti huweza kurudi baada ya miongo michache, lakini mchanganyiko wa aina zake huchelewa zaidi sana.

Njia ya misafara

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, walikuta nchi yenye vijiji, mashamba na mifugo. Misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilihitaji chakula, kuni na maji. Hivyo ardhi iliyozunguka vituo ililimwa kwa bidii, ili kuwalisha wapagazi na wafanyabiashara. Vita ya mwaka 1871 baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe iliifunga njia, na baadhi ya vijiji vikateketea.

Alama ya misafara inayoonekana zaidi hadi leo ni mwembe. Mti huu ulitoka Asia, ukafika pwani, kisha ukapanda bara pamoja na wafanyabiashara na wapagazi. Biashara ya pembe pia iliigusa misitu kwa njia isiyo dhahiri. Tembo huvunja miti na kufungua nafasi kwa nyasi, na hutawanya mbegu za matunda kwa kinyesi chake. Mahali alipomalizwa, kazi hizo mbili zilikoma.

Sotoka na malale

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Njaa na vita vya ukoloni viliongeza msiba. Huko Unyanyembe Mtemi Isike aliangushwa na Wajerumani Januari 1893. Mashamba yalipoachwa na mifugo ilipopungua, vichaka viliyafunika malisho, na mbung'o akapata makao mapya. Wanahistoria kama Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, wamefafanua kwamba pori lililokutwa na watawala wa kikoloni lilikuwa kwa sehemu zao la msiba huo.

Mbung'o akaleta malale. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa maeneo mengi ya magharibi na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Palipokusanyika watu, miti ilifyekwa. Palipohamwa, pori likatawala. Baadhi ya nchi zilizobaki bila watu zikawa hifadhi za misitu na wanyama. Ugalla ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 2019 sehemu yake ikawa hifadhi ya taifa. Watalii huiona kama nchi ya wanyama tangu mwanzo, lakini wazee waliohamishwa waliacha huko makaburi ya wazazi wao.

Karanga na tumbaku

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Matingatinga yalifanya lile ambalo shoka halikulifanya: yaling'oa visiki na mizizi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Mahali mizizi ilipokwisha ng'olewa, miti haiwezi kurudi kwa machipukizi. Sharti ingoje mbegu kutoka mbali.

Baadaye tumbaku ilishika nafasi ya karanga. Zao hili limesomesha watoto wengi wa Tabora, na halifai kubezwa. Lakini hukaushwa kwa moto wa kuni, na kila msimu mabani hudai miti. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwasogeza watu pamoja, na mashamba yaliyo karibu yakakosa muda wa kupumzika. Hapo kisiki hukatwa tena na tena mpaka kinakufa. Mninga, unaotafutwa kwa mbao za milango na samani, huondolewa kwanza, na pori linaweza kubaki la kijani huku limekuwa maskini wa aina.

Moto

Huko Ndola, Zambia, kulitengwa viwanja vya majaribio mwaka 1933. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka kuwa nyasi. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti. Vilivyokingwa kabisa na moto vilisongamana. Warina asali wa Unyamwezi wana sababu ya kuufahamu ukweli huo, kwa kuwa moto wa Septemba huangamiza maua, mizinga na miche kwa pamoja.

Wajibu wa kizazi hiki

Kaskazini mwa nchi, KKKT imewahimiza wanafunzi wa kipaimara kupanda miti, na ni mfano mwema. Lakini historia ya Unyanyembe inafundisha jambo la ziada. Shamba la mikaratusi hutoa kuni, wala halirudishi mbula, mninga na uyoga. Katika nchi hii kazi ya kwanza ni kuacha visiki hai vichipue, kuchoma mapema au kutochoma kabisa, kubakiza mininga michache ya mbegu, na kulipa shamba muda wa kupumzika.

Waliotangulia waliandika historia yao ardhini bila kujua. Wanaoadhimisha karne hii wanajua, na kwa hiyo watakaoadhimisha karne ya pili watakuwa na haki ya kuwauliza ni miti gani waliyoiacha.