Theluji ya Kilimanjaro na Baridi ya Milimani

Sisi tukaao Magomeni hatuna haja ya kufundishwa habari za joto. Lakini mwenzetu aendapo Lushoto kununua kabichi za kuuza sokoni Kariakoo, hurudi na kusimulia jinsi alivyotetemeka usiku ndani ya blanketi. Ndipo watu huulizana: Mlima umelikaribia jua kuliko pwani, mbona basi huko juu ni baridi? Swali hili lina historia yake katika Afrika ya Mashariki, nayo yafaa kujulikana.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchaga. Asubuhi hiyo aliona juu ya mlima mkubwa kitu cheupe mfano wa wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini, naye kwa kukosa jina lake akajibu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, maana aliizoea kwao. Wachaga nao walisimulia habari za watu waliopanda zamani kuichukua, wakidhani ni fedha, nayo ikageuka maji.

Habari hizi zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alizikanusha. Mwaka huohuo Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, aliona theluji ya Mlima Kenya. Cooley hakumsadiki huyo pia. Jambo hili ni la ajabu, kwa maana wenye elimu wa Ulaya walikwisha kujua ya kuwa theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Alexander von Humboldt aliikuta katika mlima Chimborazo, Amerika ya Kusini, mwaka 1802. Elimu ilikuwapo, kilichokosekana ni kumwamini shahidi.

Sasa tuitazame sababu yenyewe. Jua liko mbali nasi kiasi cha maili milioni 93, na kilele cha Kilimanjaro, chenye futi 19,341, hakifiki maili 4. Kukipanda ili kulikaribia jua ni sawa na mtu wa Magomeni kusogea upana wa vidole vitatu ili aote moto uwakao Kigoma!

Tena miali ya jua hupita hewani bila kuipasha moto sana. Huipasha ardhi, na ardhi ndiyo huipasha hewa iliyo juu yake, kama chungu kipatavyo moto kutoka chini. Hewa hiyo ikiisha kupata joto hupanda. Huko juu uzito wa hewa ya kuibana ni mdogo. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1648, wakati Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipochukua zebaki katika bomba la kioo hadi juu ya mlima wa Ufaransa, akaona zebaki imeshuka. Hewa isiyobanwa hutanuka, na katika kutanuka hutumia joto lake. Jaza upepo katika gurudumu la baiskeli: pampu hupata moto, kwa kuwa hewa imebanwa. Kisha uufungulie upepo utoke: utausikia baridi, kwa kuwa umetanuka. Ardhi ya mlimani nayo hupigwa na jua, lakini hewa yake ni nyembamba, na joto hutoroka upesi.

Kwa wastani joto hupungua digrii 2 za Selsiasi kwa kila futi 1,000. Basi Dar es Salaam ikiwa na digrii 30, kileleni huenda ikawa digrii 8 chini ya kiwango cha maji kuganda.

Karl Klaus von der Decken alipanda Kilimanjaro mwaka 1861, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, akashuhudia theluji ile. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikanyaga barafu ya kileleni, ambayo leo imepungua sana. Rebmann hakuisikia habari hiyo. Alikwisha kufariki mwaka 1876, akiwa kipofu. Lakini macho yake yaliyodharauliwa yalikuwa yameona kweli.

Basi ndugu, tukipewa habari iliyo ngeni kwetu, tuichunguze, wala tusiikatae kwa sababu msemaji ni mtu mdogo. Mwenye kujua sababu na mwenye kuona kwa macho huhitajiana.