Uraia na Utaifa katika Uwanda wa Rondo, 1886–1975

Dhana za uraia na utaifa mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni moja. Historia ya Rondo, uwanda wa juu mkoani Lindi unaokaliwa na Wamwera, Wamakonde na wengineo, inadhihirisha kuwa zinatofautiana.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka, wakawagawa Wamakonde pande mbili. Chini ya udhamini wa Waingereza, mwenyeji wa Rondo alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Huo ulikuwa utaifa: alitambulika mbele ya dola nyingine, lakini hakuwa raia wa nchi yoyote. Uraia ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, nao ulitegemea hasa mahali alipozaliwa mtu na mzazi wake. Rangi wala kabila haikuwa kigezo.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, kigezo hicho kilipata mtihani. Wamakonde waliovuka Ruvuma na kupewa makazi Rutamba, katika Lindi hiyohiyo, walipata ardhi na majirani wa lugha yao. Hata hivyo, kisheria walikuwa wakimbizi. Hadi mwaka 1975, utaifa wao ulikuwa wa dola ya Ureno waliyoikimbia.

Kwa hiyo, kabila huonesha asili, utaifa huonesha dola, na uraia huonesha haki. Mtafiti anayechukua kabila kuwa ushahidi wa uraia huwapotosha wasomaji, na huweza kuwadhuru wajukuu wa wakimbizi hao.