Msumeno wa mnyororo wa kazi za uani (Gitega na Muyinga)

Msumeno wa mnyororo ni mashine ya kukatia miti inayoshikwa kwa mikono miwili, ambayo meno yake yamefungwa kwenye mnyororo unaozunguka bapa la chuma. Wengi huuita msumeno wa moto kwa sababu ya ngurumo na moshi wake. Mafundi wa Burundi huutaja zaidi kwa jina lake la Kifaransa. Ulizaliwa kuwa mashine ya msituni: ule wa petroli uliotengenezwa na Emil Lerp nchini Ujerumani mwaka 1927 ulikaribia kilo 60 na kubebwa na watu wawili. Wa leo wa nyumbani una kilo 4 au 5, na ndio unaozungumziwa hapa. Mwenye nyumba wa Gitega au Muyinga anayetaka kuununua huuliza kwanza una nguvu kiasi gani. Swali hilo lingekaa mwisho. La kwanza ni unene wa miti iliyo uani mwake, na la pili ni nani atakayeulisha na kuunoa msumeno huo mwaka mzima.

Tuanze na miti. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, na Muyinga, ambayo kwa mageuzi ya mikoa ya 2025 imo ndani ya Buhumuza, zote ziko kwenye nyanda za juu, meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kuzunguka rugo, yaani boma la familia, aghalabu utakuta migrevilea kwenye mipaka ya shamba, mparachichi mmoja au miwili, mikaratusi michache upande wa mteremko, na ua wa minyaa. Mgrevilea hupogolewa mara kwa mara ili kupata kuni na vijiti vya kupandishia maharage, na matawi yake huanzia unene wa kidole gumba hadi wa paja la mtoto. Mahali penye udongo mzuri shina lake hunenepa takriban sentimeta 2 kwa mwaka, kwa hiyo mche uliopandwa wakati wa kampeni ya kupanda miti ya Ewe Burundi Urambaye, mwishoni mwa miaka ya 2010, leo ni nguzo ya sentimeta 15 hivi. Mti huu ni mwepesi wa kuvunjika; dhoruba za Februari hadi Aprili huangusha matawi juu ya paa na njiani, na hapo ndipo mtu hukumbuka msumeno. Mkaratusi mzee wa sentimeta 60 huwapo pia, lakini huo huangushwa mara moja katika miaka mingi.

Kwa kazi ya namna hiyo, bapa la sentimeta 30 hadi 35 linatosha, maana linatakiwa kuzidi unene wa mti kwa sentimeta 5 tu. Injini yake huwa ya cc 30 hadi 35. Watakaopinga watasema mkubwa hukata vikubwa na vidogo, basi kwa nini mtu ajibane? Ni kweli kwamba hukata vyote, ila mkataji hulipa kwa mabega yake. Stihl 070, mashine ya cc 106 inayojulikana sana Afrika Mashariki kwa wapasuaji wa mbao, hupita kilo 10 kabla ya kujazwa petroli. Kuinyanyua mara arobaini kukata matawi ya mgrevilea ni kujichosha, na aliyechoka ndiye huachia ncha ya bapa iguse tawi la pili. Robo ya juu ya ncha ikigusa mti, mashine yote huruka nyuma kuelekea usoni kabla mtu hajapata kufikiri. Breki ya mnyororo, ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, iliwekwa kwa ajili ya teke hilo, na msumeno wenye breki isiyofanya kazi haufai kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mwinuko. Injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila meta 300 unazopanda, kwa hiyo Gitega imeshapokonya asilimia 15 au zaidi. Je, si sababu ya kununua mkubwa? Hesabu haikubali: msumeno wa kilowati 1.2 utabakiwa na takriban kilowati 1, na tawi la sentimeta 15 halidai zaidi ya hapo. Kinachodaiwa ni kabureta kurekebishwa. Mashine iliyotegwa kwa hewa ya pwani hupokea petroli nyingi kuliko hewa ya mlimani inavyoweza kuchoma. Hutoa moshi, plagi huwa nyeusi, na mwenyewe hudhani ameuziwa bovu. Muuzaji airekebishe papo hapo, ikiwa imewaka, kabla fedha haijabadili mikono.

Wapo watakaosema petroli yenyewe ndiyo tatizo, na miaka hii ya 2020 nchini Burundi hawakosei: foleni za vituo vya mafuta zinajulikana. Kwa nini basi usinunuliwe wa betri? Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 hubeba wati-saa 144, zinazotosha kukata matawi kadhaa ya wastani. Umeme wa gridi humfikia takriban mtu mmoja kati ya kumi nchini, ila paneli ya jua ya wati 50 inaweza kuijaza betri hiyo kwa saa nne hivi za jua kali, ikiwa kuna kibadilishaji umeme kinachoiweza chaja. Kwa nyumba ya mjini iliyounganishwa na umeme wa shirika la Regideso, huu ni uchaguzi mzuri kweli: hauna moshi, hauna kamba ya kuvuta. Udhaifu wake huja baada ya miaka kadhaa betri ikichoka, na ya kubadilisha ikiwa haiuzwi karibu, mashine nzima inakuwa pambo. Msumeno mdogo wa petroli, kwa upande mwingine, hunywa kidogo. Lita moja iliyochanganywa na mililita 20 za oili ya injini za mipigo miwili humaliza upogoaji wa asubuhi nzima. Oili ya kawaida ya pikipiki haifai kwa mchanganyiko huo.

Kisha kuna kunoa, jambo ambalo mnunuzi huliuliza mwisho ilhali ndilo linaloamua umri wa chombo. Mnyororo mkali hutoa vipande vyembamba kama vya randa. Ulio butu hutoa unga, na mkataji huanza kuukandamiza. Kugusa udongo mara moja kunatosha kuua makali. Minyororo ya misumeno midogo mara nyingi hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimeta 4, ikishikwa kwa nyuzi 30, kila jino idadi ileile ya mipigo. Kama tupa na mnyororo wa akiba havipatikani mjini, acha aina hiyo hata ikiwa maarufu. Muyinga ina nafuu fulani hapa, maana barabara ya malori ya Tanzania hupita mpaka wa Kobero, ng'ambo yake ikiwa Kabanga wilayani Ngara. Bapa nalo hutaka oili yake. Wapo wanaojaribu mawese, lakini kila mpishi wa Gitega ameyaona yakiganda kwenye chupa asubuhi za kiangazi. Yakiganda ndani ya tundu la oili, mnyororo huzunguka mkavu na bapa huungua.

Bado mtu anaweza kuuliza kama msumeno wenyewe unahitajika. Kwa nyumba nyingi, msumeno wa mkono wa upinde humaliza kila kilicho chini ya sentimeta 10, na ule mkaratusi mzee ni heri kumlipa fundi mwenye mashine kubwa na kamba. Msumeno mdogo wa petroli hupata maana pale nyumba tatu au nne zinapochanga na mmoja wao akabeba dhamana ya kuunoa. Uani mkiwa na umuvugangoma, mringaringa wa Watanzania, ambao shina lake huchongwa ngoma kama zile za Gishora karibu na Gitega, ulizeni kwanza ofisi ya tarafa. Na ua wa minyaa uachiwe umuhoro, lile panga lenye ncha iliyopinda. Mnyororo wa msumeno hukimbia karibu meta 20 kwa sekunde, na utomvu mweupe wa mnyaa, unaochoma macho hata kuyapofusha kwa muda, hurushwa moja kwa moja kwa aliyeushika.