Nukta ni Nini Hasa?

Leo naanza kwa kuungama. Jamaa yangu mzaliwa wa Lamu, anayeuza vitabu karibu na Msikiti wa Jamia hapa mjini Nairobi, alinipa picha ya barua ya babu yake. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na karatasi ilijaa madoa. Nilirudi nayo Kawangware, nikaandika programu fupi ya kufuta kila doa dogo. Barua ikatoka nyeupe pe! Alipoiona akauliza, "Nukta ziko wapi?"

Nilikuwa nimezifuta pamoja na uchafu.

Mimi ni mtu wa jiometria, na kwetu nukta ni mahali tu, haina urefu wala upana. Ndivyo alivyoieleza Euclid yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na neno lake la Kigiriki, semeion, maana yake ni alama. Kitabu chake kilipotafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, alama hiyo ikaitwa nuqta, jina lile lile la tone la wino kwenye herufi. Kiswahili kikarithi yote mawili, kikaongeza nukta ya mwisho wa sentensi na ya desimali (hata sekunde huitwa nukta!).

Lakini nukta ya mwandishi ina ukubwa. Iondoe, na be, te, the na nuni katikati ya neno zitabaki kijino kimoja. Kwa Kiswahili mambo ni magumu zaidi, maana Kiarabu hakina p. Waandishi wengi walitumia be kwa b, p, hata mb, hivyo bata, pata na mbata ziliweza kuandikwa sawasawa. Wengine walikopa pe ya Kiajemi, yenye nukta tatu. Kule Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, aliongeza alama ili sauti zetu zitofautiane. Leo kwenye Unicode be ni 0628 na pe ni 067E. Kwa macho zinatofautiana nukta mbili tu.

Nimebadili programu. Sasa haiangalii udogo wa doa pekee, inapima pia umbali wake na herufi. Bado inakosea, kwa hiyo Jumamosi tunaketi tukizikagua moja moja. Mstari wa nne unataja deni. Yeye anasoma mbata, mimi bata, na hapo hata nukta hazitusaidii.