Korongo wa Bendera na Waya wa Mpakani

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Miaka minne baadaye umeme wake ulipitia Tororo ukavuka mpaka kuelekea Nairobi. Waliojenga njia hiyo walihesabu viwanda na miji. Ndege hawakuwamo katika hesabu.

Mwaka 1962 Uganda huru ilimweka korongo taji katikati ya bendera yake. Korongo huyo hutaga katika maeneo oevu, kama Sio-Siteko ya Busia, ambayo mpaka umeyakata katikati. Ni ndege mkubwa, hageuki upesi angani, na waya mwembamba wa juu kabisa hauoni mpaka ameukaribia. Tangu 2012 yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, ingawa kulimwa kwa maeneo oevu kumechangia pia.

Dawa inajulikana: waya zifungwe alama zinazoonekana kwa mbali, na njia mpya zikwepe maeneo oevu. Lakini korongo anaweza kulala Uganda akala Kenya. Nchi moja ikifunga alama peke yake, imemlinda nusu ya safari. Umeme ulivuka mpaka tangu 1958. Ulinzi nao uvuke.