Nyumba iko na bati, kiwanja hakina karatasi

Ndugu wanachama, na ninyi marafiki mnaotuma mchango wenu toka mbali,

Katika mkutano wetu uliopita swali moja lilirudi mara tatu. Kwa nini mwaka huu tunataka kutoa sehemu ya kwanza ya feza za chama kwa ajili ya karatasi za viwanja, wakati kuna wajane ambao wangali wanalala chini ya shitingi? Swali hilo ni la haki. Kabla ya kulijibu, turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu sisi siyo watu wa kwanza kupewa msaada wa nyumba katika nchi hii, wala siyo wa kwanza kuupoteza.

Wakati wa Wabelgiji

Baada ya vita ya pili ya dunia, koloni ilianza kutoa feza juu ya maisha ya wenyeji, lakini kwa njia mbili tofauti. Kwa miji, mwaka 1952 kiliundwa kile kilichoitwa Office des Cités Africaines. Ndicho kilichojenga Bandalungwa na Matete kule Léopoldville, Ruashi kule Élisabethville, na huku kwetu Kivu, Bagira ya Bukavu. Wazee waliofanya kazi Bukavu wanakumbuka zile nyumba za mistari, matofali na barabara zilizonyooka. Mfanyakazi alilipa kidogo kidogo mpaka nyumba ikawa yake. Baada ya mfalme Baudouin kutembelea Kongo mwaka 1955, uliongezwa mfuko mwingine wa kuwasaidia wenye mshahara mdogo wapate nao nyumba.

Kwa vijiji, mfuko ulikuwa mwingine: Fonds du Bien-Être Indigène, ulioundwa mwaka 1947. Sehemu kubwa ya feza zake zilikuwa feza ambazo Ubelgiji iliirudishia koloni kwa gharama ambazo Kongo ilibeba wakati wa vita. Mfuko huo ulichimba visima, ukajenga dispansari, nyumba za kuzalia na shule.

Tuangalie mgawanyo huo vizuri. Mtu wa mji alipata nyumba. Mtu wa kijiji alipata kisima. Nyumba ya kijijini ilihesabiwa kuwa kazi ya mwenyewe, na udongo chini yake uliachwa mikononi mwa desturi. Wazee wetu hawakuona shida. Mpaka wa shamba ulijulikana kwa mwembe, kwa kijito, kwa kaburi la babu, na jirani alikuwa shahidi wa kutosha.

Sheria ya 1973

Mwaka 1973 Leta ilitoa sheria mpya ya ardhi: udongo wote ni mali ya Leta, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Je, ardhi za vijiji? Sheria ilisema kwamba haki za wanavijiji zitapangwa na ordonansi ya Rais. Tuliingojea ordonansi hiyo. Ilipita miaka zaidi ya 40 bila kutoka. Huku sheria hiyohiyo ikisema kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha konservateri peke yake. Mwenye feza aliye mjini alikifuata. Mama wa Fizi mwenye shamba la mihogo angekifuata wapi, na kwa makuta gani?

Pengo hilo halikuonekana sana wakati tulipokuwa wote nyumbani. Lilionekana siku tuliporudi.

Kukimbia na kurudi

Vita ilipofika mwaka 1996, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, Lugufu mwaka uliofuata. Watoto waliozaliwa kule walikua wakisikia habari za mwembe ambao hawajauona.

Mwezi wa 10 mwaka 2005 boti za HCR zilianza kuwarudisha watu toka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Familia zilishuka na shitingi, blanketi, masufuria na jembe. Baadaye ilikuja miradi ya nyumba: mwenyewe anafyatua matofali na kusimamisha kuta, mradi unaleta bati, misumari na mlango. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na sisi tunaoandika haya tuliifanya pamoja nanyi, daftari mkononi, tukihesabu paa.

Lakini kwenye viwanja vingi tulimkuta mtu mwingine. Tusiseme wote walikuwa wezi. Mara nyingi alikuwa mtu aliyeteremka toka milimani akikimbia risasi, naye amelima pale miaka 8 au 9 na kuzika mtoto wake hapohapo. Mapatano ya tarehe 23 mwezi wa 3, 2009 yalipanga kuundwa kwa komite za upatanisho katika mitaa, na pale wazee walipoketi kweli, mashamba mengi yaligawanywa bila panga kutolewa.

Pale walipokosa kuketi, tuliona mengine. Kuna familia moja tunayoijua ambayo ilijenga kwa bati za mradi. Mwaka wa tatu alikuja mtu na karatasi yenye muhuri, iliyotolewa na ofisi moja ya serikali. Familia ilikuwa na mashahidi, haikuwa na karatasi. Walipanda juu, wakafungua bati moja moja, wakazibeba kichwani mpaka kwa mjomba wao. Kuta za udongo zilibaki pale, mvua ikazimaliza. Katika ripoti ya mradi ule, nyumba hiyo ingali inahesabiwa. Tuliihesabu sisi wenyewe.

Na feza za Leta?

Wengine mnauliza: sekta haina feza za kutujengea? Kwa maandishi, haki iko. Katiba ya 2006 inasema jimbo libakize 40% ya mapato ya kitaifa yanayopatikana kwake, na sheria ya mwezi wa 10, 2008 inazipa miji, komini, sekta na chefferie 40% ya fungu hilo la jimbo. Kwa vitendo, feza hizo hazikushuka jinsi zilivyoandikwa, na baraza la sekta la kuchaguliwa tungali tunalingoja.

Miradi mikubwa ya maendeleo nayo imefuata njia ya zamani. Mfuko wa kijamii wa Jamhuri, pamoja na mradi wa STEP ulioanza mwaka 2014 kwa feza za Benki ya Dunia, ulilipa kazi za mikono na majengo ya wote. Programu ya maendeleo ya teritware 145 inajenga shule, vituo vya afya na ofisi za utawala. Hatuyadharau hayo, watoto wetu wanasoma ndani yake. Lakini ni kisima kilekile cha 1947: kinajengwa kando ya nyumba, na udongo chini ya nyumba hakuna anayeuuliza. Mzee mmoja wa chama alituambia: «Nyumba tunajua kujenga. Ila hii udongo iko ya nani?»

Hivi ndivyo tunavyopendekeza

Sekta haina feza, lakini iko na muhuri. Hicho ndicho tukiombe. Kwa kila familia tutalipa kazi ya kupima kiwanja mbele ya majirani wa pande zote nne, shefu wa lokalite na shefu wa grupma, halafu karatasi iandikwe kwenye kitabu cha sekta. Jina la mke litaandikwa pamoja na la mume. Kama kuna mtu mwingine kwenye kiwanja, tutaanza kwa wazee wa upatanisho, siyo kwa muhuri.

Tuseme ukweli: karatasi ya sekta siyo cheti cha konservateri, na haitamzuia kila mwenye nguvu. Lakini ni hatua ya kwanza ya kukifikia cheti, na inampa mtu kitu cha kuonyesha siku anapoitwa ofisini.

Na wajane? Ndio watakaoandikwa mwanzo wa orodha. Shitingi mpya zitatoka katika kasha la dharura kabla mvua ya mwezi wa 9 haijaanza. Bati zao zitafuata mara tu kiwanja kikiandikwa, maana mjane akifukuzwa hana wa kumbebea bati kichwani.

Kwenu marafiki mnaotusaidia, tunajua picha ya paa jipya inapendeza kuliko picha ya karatasi. Mwaka huu tutawatumia picha chache za paa. Pamoja nazo tutatuma hesabu ya viwanja vilivyoandikwa, na baada ya miaka mitatu tutarudi nyumba kwa nyumba kuhesabu ni nani angali anakaa kwake.

Mkutano utaamua. Kila mwanachama aje na jirani yake mmoja.