Zijue sensa laini za presha: kutoka mizani ya Busia hadi soli ya kiatu chako

Dere yeyote wa trela anayepiga ruti ya Busia ama Malaba anajua mambo ya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 inasema gari na mzigo haziwezi pita tani 56. Chini ya mizani kuna vipande vya chuma. Trela ikikanyaga, chuma inajikunja kidogo sana, umeme ndani yake unabadilika, na kompyuta inasoma kilo. Hiyo ndiyo sensa, si ile ya kuhesabu watu.

Sasa masayantisti wanataka kazi kama hiyo ifanywe na kitu laini kama kitambaa.

Grafini ni nini?

Ile nyeusi ya ndani ya penseli ni karatasi nyingi za kaboni zimelaliana. Toa karatasi moja tu, unene wa atomu moja, hiyo ndiyo grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua kwa selotepu, wakatangaza 2004. 2010 wakabeba Tuzo ya Nobel ya fizikia. Yaani selotepu tu, buda!

Grafini ina ndugu. MXene, inayotamkwa maksini, ilitoka Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, mwaka wa 2011.

Inafanyaje kazi?

Chukua sponji, ipake grafini. Ukiifinya, vipande vya grafini vinagusana zaidi na umeme unapita rahisi. Ukiiachilia, vinaachana. Saketi inasoma hiyo tofauti na kukuambia umefinya kwa nguvu gani. Ikitengenezwa vizuri, inashika hata mpigo wa mshipa kwa mkono.

Itatusaidia aje?

Cheki msee mwenye kisukari. Miguu yake inaweza kufa ganzi, kiatu kimfinye mahali pamoja siku nzima na asisikie. Kidonda kinaanza, kinaoza, na wengine huishia kukatwa mguu. Soli yenye sensa hizi inaweza kumwonyesha mapema mahali presha imezidi.

Mbona bado haziko madukani?

Nyingi ziko maabara. MXene huharibika ikikutana na maji na hewa, kwa hivyo mvuvi wa Port Victoria angehitaji iliyofunikwa poa, isiingize unyevu wa ziwa. Pia sponji ikifinywa mara nyingi huchoka, na kipimo kinaanza kudanganya. Tena kutengeneza nyingi zinazosoma sawasawa si mchezo.

Kabla zifike, kama wewe ama mzee wako ana kisukari, angalieni miguu kila jioni, hadi chini ya nyayo na katikati ya vidole. Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda hosi mapema.